Jiwe la Kunolea

3 Februari

Kwako Dada,

Kwa niaba yangu, ya mke wangu, ya watoto na ya kuku waliosalia, nina heshima kuutangazia ukoo mzima, walio karibu na walio mbali, kwamba siku ya Jumapili, mbele ya mashahidi, suruali yangu ya harusi ilikataa rasmi kufungwa. Juhudi zote zilifanyika. Nilivuta pumzi, nikalala chali kitandani, wifi yako akavuta akiwa ameweka goti ubavuni mwangu. Haikuwezekana. Kifungo kiliruka kikampiga paka. Paka anaendelea vizuri. Mimi niliyewaongezea kitambaa kiunoni wanaume wote wa soko hili huku nikiwacheka kimoyomoyo, sasa najiongezea mwenyewe, na mlango wa duka nimeufunga nisije nikaonekana.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu. Sisi hatujambo. Wifi yako hajambo, amenuna tu kidogo kwa sababu nilisema hakuvuta kwa moyo. Binti mkubwa amemaliza mafunzo ya ushonaji na sasa ananikosoa mbele ya wateja. Shangazi anasumbuliwa na magoti, lakini masikio ni mazima, anasikia hata yale ambayo bado hayajasemwa. Mvua imechelewa. Nyumba imekwisha, tunashukuru.

Sasa la maana. Watu wa ardhi wanakuja huku kwetu. Kila shamba litapimwa na kuandikishwa, na kila mwenye shamba atapewa hati yake. Utaratibu ni kwamba mwenye shamba anasimama kwenye mpaka wake, jirani anasimama upande wake, kamati inashuhudia, karani anaandika, na mpimaji anapigilia vigingi. Kisha ramani inabandikwa ukutani pale ofisini kwa muda. Mwenye pingamizi alete, asiye nalo akalale.

Wewe na mimi tunapakana kama baba alivyotugawia, juu kwangu, chini mpaka mferejini kwako. Mkonge wa mpaka uko palepale na kila mtu anaujua. Kwa hiyo usijisumbue na safari, vumbi na mabasi haya yanayoharibika njiani. Niandikie tu barua fupi kwamba mimi ni mwakilishi wako. Siku hiyo nitasimama juu nikiwa mimi, kisha niruke mkonge niwe wewe, tukubaliane haraka, tusichelewe kula.

Ijibu mapema.

Mdogo wako,
Redio


21 Februari

Kwako mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Nilicheka mpaka mwenye chumba cha pili akagonga ukuta. Mpe paka pole zangu, na wifi mwambie safari nyingine asijitese, akushonee gunia tu. Binti hongera zake, na aendelee kukukosoa. Mimi sijambo. Miguu inauma kwa kusimama, lakini hiyo si habari. Kazi ipo.

Sasa nikuulize. Baba hakukuita Redio kwa sababu ya uzuri wa sauti. Alikuita Redio kwa sababu ukishawashwa huzimiki. Sasa mtu wa namna hiyo akinyamaza, mimi roho inaruka. Suruali imekula ukurasa mzima. Nyumba, ambayo kwa miaka yote hii umekuwa ukiniandikia habari za kila tofali na kila bati, umeimaliza kwa maneno matatu. Nimeyahesabu. Umeijenga sehemu gani hasa? Mlango wake unatazama wapi?

Halafu huo mkonge. Mimi siukumbuki mkonge kuwa ndio mpaka. Nakumbuka jiwe. Lile jiwe bapa la kunolea majembe, lililoingia bonde katikati kwa kunolewa. Baba alisimama juu yake siku aliyotugawia, akanyoosha mkono hadi kwenye kona ya mfereji, akasema kutoka hapa kwenda chini ni kwa huyu binti, asije mtu akamsumbua. Mkonge ulipandwa baadaye kuufuata mkono wake. Je, jiwe bado lipo? Liko umbali gani na mkonge?

Nauliza kwa sababu unajua shamba langu lilivyo. Kule mferejini ni tope, hata vyura wanalalamika. Pakavu ni ule ukanda ulio karibu na jiwe tu. Ukitoka huo, mimi sina kitu cha kuandikiwa hati.

Na hili la mtu mmoja kusimama pande mbili za mpaka, hata kwenye drafti mtu hachezi pande zote mbili kisha akajipongeza kwa ushindi. Barua ya uwakilishi sijaiandika. Nafikiria.

Msalimie shangazi. Mwambie nitamwandikia mwenyewe.

Dada yako


17 Machi

Kwako Dada,

Usinihesabie kuchelewa. Ni msimu wa sare za shule, na mwaka huu kila mzazi anataka ya mtoto wake ishonwe kubwa ili aivae mpaka atakapooa. Uzi unakatika kama umelaaniwa. Sindano nzuri zimeadimika, hizi zinazoletwa sasa zinapinda zikiona jinzi kwa mbali. Binti amegundua njia mpya ya kukunja pindo, anasema ya kwangu ni ya kizamani, na nimeijaribu kwa siri nikaona ni kweli. Hilo libaki kati yetu. Wifi yako anakusalimu. Paka amezaa, kumbe hakuwa na hasira na kifungo, alikuwa na yake.

Kuhusu nyumba, nyumba ni nyumba, Dada. Ina kuta, ina paa, ina vyumba vya mbele na vya nyuma. Ukija utaiona.

Jambo linaloninyima usingizi ni Mwenye Lori. Unamkumbuka, yule jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa anaazima toroli kwa baba. Tangu anunue lori hasalimii mtu kwa mkono, anapiga honi. Amekuwa akinunua vipande vya watu kimyakimya, na wiki iliyopita nilimkuta ndani ya shamba lako anatembea, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Nikamuuliza amepoteza nini. Akasema hajapoteza kitu, amesikia tu kwamba dada yangu anataka kuuza. Nikamuuliza amesikia wapi. Akasema maneno yanapita.

Nikamwacha hapo. Lakini nilipofika nyumbani nikaichukua bahasha yako nikaitazama vizuri. Miaka yote bahasha zako zimekuja na anwani ya hospitali, idara ya kufulia nguo. Hii ilikuwa na sanduku la posta la mtu nisiyemjua. Ni nani huyo? Ni dalali? Mimi sisemi kitu, nauliza tu, kama wewe unavyouliza.

Karani amesema shamba ambalo mwenyewe hayupo wala hana mwakilishi litaandikwa kuwa mmiliki wake hajulikani, na kulitoa hapo baadaye ni kazi ya kuvunja kiuno. Barua ya uwakilishi naisubiri.

Mdogo wako,
Redio


4 Aprili

Redio,

Salamu kwa wifi, kwa watoto na kwa vitoto vya paka. Mimi mzima.

Barua yako ni ndefu kweli. Sare zimo, uzi umo, sindano zimo, Mwenye Lori yumo na mikono yake nyuma. Jiwe halimo. Nilikuuliza jambo ambalo hata mtoto angelijibu kwa kutoka nje na kutazama.

Shangazi ameniandikia. Yaani yeye amesema, mwalimu akaandika. Anasema yule mvunja kokoto wa barabarani alionekana kwako asubuhi na nyundo yake kubwa begani, akakaa mpaka jua likawaka, kisha akaondoka bila kuvunja chochote. Mdogo wangu, mvunja kokoto haitwi kuja kupima suruali. Kwako kuna jiwe gani linalotaka kuvunjwa?

Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati. Nimemwambia mpaka wangu unaanzia kwenye jiwe la kunolea majembe na kwamba shamba langu lisipimwe mpaka jiwe hilo lionekane kwa macho.

Sina mpango wa kuuza. Aliyemwambia Mwenye Lori kwamba nauza ametoka hukohuko kwenu. Anwani ni ya rafiki yangu. Usiniulize zaidi.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu leo sina utani.

Mvua imeanza, na watoto wote wana mafua. Wifi yako hajambo. Haongei sana siku hizi, mimi na yeye. Shangazi ameacha kuja kunywa chai, na sasa najua ni kwa nini, anaogopa nisije nikamuuliza mwalimu alimwandikia nini.

Mwenyekiti aliisoma barua yako mbele ya mkutano, yote, kwa sauti, kuanzia salamu. Alipofika kwenye "mpaka jiwe hilo lionekane kwa macho," watu wote wakageuka kunitazama. Mwenye Lori aliziba mdomo kwa kofia, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Toka siku hiyo mteja akileta suruali ya kupunguza ananiambia, "Fundi, pima vizuri, usije ukala na upande wa dada." Nacheka nao. Ningefanya nini? Lakini jioni nikifunga duka mdomo unauma kwa hicho kicheko.

Naapa kwa cherehani yangu, sijang'oa mche hata mmoja wa mkonge kuusogeza kwako. Hata mmoja. Mvunja kokoto aliitwa kwa shughuli ndogo ya jikoni. Shughuli haikufanyika. Basi.

Watu wa ardhi watafika kwetu katikati ya mwezi ujao. Mwanzoni nilikuambia usije, sasa nakuambia njoo. Njoo usimame mwenyewe, nami nisimame kwangu, watu wamalize kicheko. Au nalo hili huwezi? Tangu mwaka jana ni likizo haijatoka, likizo haijatoka. Hospitali gani hiyo isiyotoa likizo? Wewe unahesabu maneno yangu kuhusu nyumba. Mimi nayahesabu ya kwako kuhusu kazi. "Kazi ipo." Ni mawili.

Redio


6 Mei

Mdogo wangu,

Poleni na mafua. Wachemshieni watoto maji, wavute mvuke. Pole pia kwa mkutano. Mwenyekiti nilimwandikia yeye, sikuwaandikia watu wa mkutano, na nikionana naye atanieleza.

Unauliza hospitali gani isiyotoa likizo. Ni ile ambayo imeshakuachisha kazi.

Walileta mashine kabla ya mwaka mpya. Zinafua, zinakausha, zinakunja. Walituita sisi wa kufulia, wakatushukuru kwa maneno mazuri, wakatupa shuka moja moja, zile zile tulizokuwa tunazifua. Chumba nilikiacha. Nakaa kwa rafiki yangu anayepiga pasi nguo za watu, namsaidia, nalala sakafuni karibu na mlango. Watoto wake asubuhi wakienda shule wananiruka. Wana adabu, wananiamkia wakiwa hewani.

Sikukuambia kwa sababu wewe ni Redio. Ungeisoma barua hii kwa wifi, wifi angesikitika kwa sauti, na kesho yake soko zima lingejua kwamba mjane aliyekwenda mjini anarudi na shuka. Tena niliogopa utaniita nyumbani kwako, na mimi sitaki kuwa mtu wa kuhamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile kila wageni wakija. Nilikuwa nataka chumba kimoja changu kwenye ule ukanda mkavu, chini ya jiwe. Nilitaka nikujulishe kikiwa kimeshasimama.

Sasa umejua kwa nini nauliza habari za jiwe, na kwa nini siuzi. Na ya Mwenye Lori labda nimeyaelewa. Rafiki yangu ana kaka ambaye ni utingo kwenye malori. Huenda alimwona mtu wa kwetu njiani akasema yule mama hana kazi, na huyo akajua mwenyewe la kuongeza.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Ni barua ya uwakilishi. Nimekuandika wewe. Si kwa sababu nakuamini. Shangazi hawezi kuzunguka shamba kwa magoti yale, na mwenyekiti anawasomea watu barua zangu. Umebaki wewe.

Waonyeshe jiwe.

Dada yako


30 Mei

Dada yangu,

Tumepona mafua. Mahindi yametoa vichwa. Shangazi amerudi kwenye chai, na amekwisha kumtafuta mwalimu wakuandikie. Najua atakavyosema. Atasema kijana wake alisimama kiume, akasema kweli mbele ya kamati, mpaka karani akavua kofia. Usimwamini hata kidogo. Karani alivua kofia kwa sababu ya jua. Nitakueleza ilivyokuwa kabla hajakufikia.

Wewe ndiye uliyenifungua macho, kwa barua yako ya Februari. Nilipoisoma nilitoka nje kulitafuta jiwe, nikiwa na uhakika liko mahali fulani kwenye nyasi. Nilizunguka mpaka nikachoka. Nikarudi nyumbani nina kiu, nikaingia kwa mlango wa jikoni, na nikiwa na kikombe mkononi nikatazama chini. Nilikuwa nimelikanyaga. Ndilo kizingiti cha jikoni. Fundi mwashi alilikuta hapo limelala bapa, akaona limekaa vizuri kuliko ambavyo angeliweka yeye, akajenga juu yake. Mimi kila siku naliruka kwenda kunywa chai.

Maana yake jikoni lote, na chumba cha nyuma ninachoweka cherehani ya pili, viko chini ya jiwe. Kwako. Ndani kabisa ya ule ukanda mkavu.

Mkonge sikuusogeza, hilo nililiapia na ni kweli. Lakini sasa najua ulivyofika ulipo. Mimi upande wangu nalima kila msimu, na kila chipukizi linalotokeza nalichimbua. Upande wako halimi mtu. Basi machipukizi yanatokea huko, yanakua kwa raha, na mama zao wa huku wanazeeka, wanatoa mlingoti wa maua, wanakufa. Miaka inapita, mstari wote umehama taratibu kuelekea mferejini, wala hakuna aliyeugusa. Nilipojenga, niliufuata mkonge kama mtu mwaminifu kabisa.

Hayo ningeweza kukuandikia Machi. Sikukuandikia. Nilikuandikia habari za sindano. Nilimwita mvunja kokoto, ndiyo, kuja kulivunja. Nilimwambia wifi yako kwamba kizingiti kinakwaza watu. Hakubisha. Alichukua sinia ya viazi, akaketi juu ya jiwe, akaanza kumenya. Akamaliza viazi, akachambua maharage. Akamaliza maharage, akaanza kumsuka binti. Mvunja kokoto alikaa na nyundo yake mpaka jua likawaka, akaniambia fundi, mimi naona jiwe lako lina kazi, akaondoka. Tangu siku hiyo mimi na wifi yako tulikuwa tunaongea habari za chumvi tu.

Sasa siku yenyewe. Bahasha yako iliniwahi siku mbili kabla. Sikuisoma kwa mtu. Barua niliiweka mfuko wa shati, nikaifunga kifungo. Hilo nataka ulijue, kwa sababu litakalofuata nililifanya nikiwa nayo hapo kifuani.

Walikuja karani, mpimaji, mwenyekiti na kamati yote. Mwenye Lori alikuja kama jirani wa mfereji, amevaa viatu vya mjini. Shangazi aliletewa kiti. Nikatoa karatasi ya uwakilishi, ikasomwa, ikakubaliwa. Karani akaniuliza mpaka kati yangu na dada yangu ni upi. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Ni mkonge huu."

Ndivyo nilivyosema. Shangazi hatakuandikia hilo, lakini ndivyo nilivyosema.

Karani akaandika. Mwenyekiti akakohoa, akasema kulikuwa na suala la jiwe. Karani akanitazama, nikainua mabega. Wakamuuliza Mwenye Lori, akasema yeye anajua mkonge tu. Na unaelewa kwa nini. Ukanda ukiondoka, tope litakalobaki utamuuzia kwa bei ya kutupa. Hapo nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza, na nikajiona mwenyewe nimesimama upande wake, tumefanana mpaka mikono, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeiweka nyuma.

Ungedhani hapo ndipo niliposema kweli. Hapana. Mpimaji alikuwa ameshaanza kufungua vitu vyake, na karani, ili asikae kimya, akasema huu mkonge ni mzuri, umenyooka, nani aliupanda?

Dada, unanijua. Ningeweza kusema "baba," tukaishia hapo. Lakini mtu ameniuliza hadithi. Nikamwambia baba aliupanda, na sisi wawili tulibeba miche, na wewe ulichomwa mwiba kwenye kiganja ukalia, baba akakufunga kwa kitambaa cha kofia yake. Nikamwambia baba hakutumia kamba, alitumia jicho, alisimama juu ya jiwe la kunolea akatazama kona ya mfereji, na mimi nilitumwa kukimbia na kuchomeka vijiti pale alipopiga kelele. Watu walikuwa wanacheka, nikazidi kukolea. Nikawaonyesha baba alivyosimama, kifua mbele, mkono umenyooka. Karani naye anacheka. Akasema, "Jiwe gani hilo, fundi?"

Nikawa nimebaki na mkono hewani.

Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, anatutazama. Jikoni lake, Dada, alilolingoja miaka yote akipika mvuani. Akashuka kutoka pale aliposimama, akasogea pembeni, akasema, "Ni hili."

Wakaja wote, wakainama. Mwenyekiti akapitisha kidole kwenye lile bonde la katikati. Shangazi akasema kwa sauti kubwa kwamba hata jembe lake yeye lilinolewa hapo. Mpimaji akasimama juu ya jiwe, akatazama kona ya mfereji, na mstari ukapita katikati ya nyumba yangu kama mkasi.

Karani ni mtu mwema, hakutaka kunivunjia nyumba. Akanivuta kando, akaniambia kwamba lipo la kufanya. Majirani wakikubaliana, mpaka unaweza kupinda ukaizunguka nyumba, na kwa kuwa mimi ndiye mwakilishi wako, ninaweza kukubali kwa niaba yako hapohapo. Neno moja tu, akasema, tumalize.

Watasema nilikataa. Sikukataa. Nilifungua mdomo na nikasikia ile karatasi inakwaruza mfukoni, nikawaona wale watoto wanakuruka. Nikaufunga. Karani akauliza tena. Sikujibu. Mwenye Lori akasema, jamani, leo Redio imekwisha betri, na watu wakacheka, na mimi bado sikujibu. Sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo nikiwa macho. Karani akangoja, akachoka, akapiga mstari ulionyooka.

Sifa ya kweli niliyo nayo ni hiyo tu. Jiwe lilitajwa na domo langu bila idhini yangu, na lilionyeshwa na mke wangu. Mimi nilinyamaza.

Ramani imeshabandikwa ofisini. Nimeiona. Jikoni na chumba cha nyuma viko kwenye shamba lako, na wifi yako anasema sasa anapika akiwa mgeni wako, kwa hiyo uje umpangie masharti kabla hajazoea vibaya. Chumba kina dirisha linalotazama mferejini na mlango wake wa nje, watu wa kwangu hawana haja ya kupita kwako. Ukitaka kukibomoa ujenge chako, kibomoe. Ukitaka tujenge ukuta katikati, nitaleta tofali. Kama una pingamizi, muda wa kulileta bado haujaisha, na safari hii usimwandikie mwenyekiti.

Cherehani nimeshaitoa. Nimefagia. Ufunguo nimempa shangazi akutunzie, nikamwambia asinipe hata nikimwomba vizuri.

Mdogo wako,
Redio